Nani Ameshika Kengele? Mwongozo kwa Mwanamieleka Mwenye Mikataba Miwili Mezani

Kanda ya pambano lile ilitufikia mtaani miezi kadhaa baada ya tukio, imechakaa hadi nyuso zinapinda kwenye kioo. Kibanda cha video, mabenchi ya mbao, kiingilio mlangoni. Bret Hart, stelingi wetu, amelala kifudifudi ulingoni Molson Centre, Montreal, usiku wa tarehe 9 Novemba 1997. Shawn Michaels amemkunja miguu kwa mkunjo ambao ni wa Bret mwenyewe. Bret hajagonga mkono chini, ishara ya kusalimu amri, wala hajasema kitu. Mara kengele inalia, mkanda wa ubingwa anapewa Michaels, na Bret anasogea kwenye kamba na kumtemea mate usoni bwana mmoja aliyesimama nje ya ulingo. Mwenye kibanda akasimamisha kanda, akairudisha nyuma. "Mbona hajagonga?" akauliza. Tukatazama mara ya pili, na ya tatu. Hajagonga.

Bwana yule alikuwa Vince McMahon, mwenye kampuni ya WWF, ambayo leo ni WWE. Kisa chenyewe nilikuja kukielewa ukubwani, na ni kisa cha mkataba. Mwaka 1996 kampuni pinzani ya WCW, yenye makao Atlanta, ilimwekea Bret fedha nyingi kuliko alizokuwa akilipwa. Akazikataa, akabaki WWF kwa mkataba wa miaka 20, kwa kuwa jina lake lilijengwa pale na alimwamini bosi. Mwaka mmoja tu baadaye McMahon akamwambia kampuni haiwezi kuubeba mkataba ule, bora akazungumze na WCW. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kilichompa Bret sauti juu ya namna atakavyotumiwa katika siku 30 za mwisho. Akakitumia: hatapoteza mkanda kwa Michaels mbele ya Wakanada wenzake. Wakakubaliana pambano livurugike liishe bila mshindi wa wazi. Kisha McMahon akaenda mwenyewe kando ya ulingo, akaamuru kengele ipigwe.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewekewa karatasi mbili mezani: moja ina fedha zaidi, nyingine ina hadithi nzuri zaidi. Najua wasomaji wengi hawatakuwa mtu huyo. Lakini kama umewahi kushangaa kwa nini fulani kaacha kampuni kubwa akaenda kupigana kwenye ukumbi wa watu mia tano, hesabu yake ni hii. Mifano yangu ni ya Marekani kwa sababu fedha za mchezo huu ziko huko. Na kwa aliyekulia vibandani kama mimi na bado ana donge moyoni: ndiyo, matokeo hupangwa. Goti likivunjika, limevunjika kweli.

Hatua ya 1: Hesabu kwa usiku, usihesabu kwa mwaka

Tarakimu ya kwanza utakayoonyeshwa ni ya mwaka mzima. Iache kwanza. Tafuta mstari unaosema utalipwa nini hata kama hawakukupandisha ulingoni mwezi mzima. Hicho ndicho chako. Mgao wa fulana, mgao wa michezo ya video na bahashishi ya maonyesho makubwa vyote vinasubiri mtu mwingine aamue kukuonyesha kwenye televisheni. Asipokuonyesha, nani atanunua fulana yako?

Zamani hata huo mstari haukuwapo. Wanamieleka wa WWF walilipwa kulingana na mapato ya mlangoni na huruma ya ofisi. Mwaka 1996 Scott Hall na Kevin Nash walihamia WCW kwa sababu waliahidiwa fedha za uhakika na siku chache za kazi, na tangu hapo WWF nayo ikalazimika kuweka uhakika kwenye karatasi. Ule mkataba wa miaka 20 wa Bret ulizaliwa katika joto la vita hivyo.

Sasa toa gharama. Wanamieleka wa WWE huhesabiwa kuwa wakandarasi wa kujitegemea, hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu: kampuni inanunua tiketi ya ndege, ukitua ni juu yako. Hoteli, gari la kukodi, mafuta, chakula, mtu wa kukushonea nguo za ulingoni. Ukiumia kazini wanakutibu. Bima ya afya ya kila siku, yako na ya watoto, tafuta mwenyewe. Kodi unajikatia mwenyewe.

Chukua kalamu. Nambari hizi nimezibuni kwa ajili ya hesabu tu. Kampuni A inakupa dola 400,000 kwa usiku 150. Kampuni B inakupa dola 250,000 kwa usiku 50. Tuseme kila usiku wa safari unakula dola 200 mfukoni mwako. Kwa A unatoa 30,000, unabaki na 370,000. Gawanya kwa 150, unapata kama dola 2,467 kwa usiku. Kwa B unatoa 10,000, unabaki na 240,000. Gawanya kwa 50, ni dola 4,800. Yule "maskini" amekulipa karibu mara mbili kwa kila mara mgongo wako unapobamizwa kwenye mbao. Bado A ana fedha nyingi zaidi mwisho wa mwaka, na kama una mkopo wa nyumba hiyo nayo ni hoja. Lakini sasa unajua unauza nini na kwa bei gani.

Halafu uliza: zile siku zilizobaki ni za nani? Ndugu wawili wanaoitwa Young Bucks walijenga maisha kwa kuuza fulana zao wenyewe, hadi zikaingia kwenye maduka ya Hot Topic ya Marekani, kabla hawajawahi kuwa na mkataba mnono wa televisheni. Upande wa pili, mwaka 2020 WWE iliwabana wanamieleka wake kuhusu kujiingizia fedha kupitia mitandao kama Twitch na Cameo, na Zelina Vega akaachishwa kazi Novemba mwaka huo katikati ya mvutano huo. Kwa hiyo kampuni inayokulipa zaidi inaweza pia kuwa inakufungia mlango wa dukani kwako. Liingize kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Livunje neno "ubunifu" vipande vipande

Kila kampuni itakuambia inathamini ubunifu wako. Neno lenyewe halikufungi wala halimfungi yeyote. Livunje liwe maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu ndiyo au hapana, na majibu uyaandike mbele yake.

Swali la kwanza: *maneno yangu anaandika nani?* Jon Moxley, aliyeitwa Dean Ambrose akiwa WWE, alikuwa na kila kitu mwaka 2018. Oktoba alimgeuka swahiba wake Seth Rollins usiku uleule Roman Reigns alipotangaza kwamba anaugua saratani ya damu. Hapo mwandishi yeyote wa hadithi angepata chakula cha mwaka mzima. Walichompa ni barakoa ya gesi, na kumwonyesha akidungwa sindano za chanjo ati asiambukizwe uchafu na mashabiki. Maneno aliandikiwa mstari kwa mstari. Alipoondoka mwaka 2019 alikaa kwenye kipindi cha mwanamieleka mwenzake Chris Jericho na kueleza kwa kirefu jinsi alivyokuwa akibishana juu ya mistari ile wiki baada ya wiki, na jinsi kazi aliyoipenda tangu utotoni ilivyomchosha. Fedha hazikuwa tatizo lake.

Swali la pili: *nani anaweza kusema hapana, na yeye ataondoka lini?* Ahadi ya hadithi ni ahadi ya mtu, na watu hubadilika. Mei 2022 Sasha Banks na Naomi, wanamieleka wa WWE, walitoka katikati ya kazi kwa kutoridhika na jinsi walivyopangiwa. Miezi miwili baadaye McMahon mwenyewe akang'atuka, na upangaji wa hadithi ukaenda kwa mkwe wake, Triple H. Naomi akaenda kampuni ya Impact, ambayo leo ni TNA, akachukua mkanda wao wa wanawake mwaka 2023, kisha akarudi WWE Januari 2024 chini ya mpangaji mwingine. Nyumba ileile, ufunguo umeshikwa na mtu tofauti. Kwa hiyo mtu anayekuahidi makuu muulize yeye mwenyewe mkataba wake unaisha lini. Ni swali la ukosefu wa adabu kidogo. Uliza.

Swali la tatu: *miezi sita ya kwanza nitapambana na nani?* Wakikutajia majina matatu, wamekufikiria. Wakikwambia "tuna mipango mikubwa sana", wamefikiria tu kukuzuia usiende kwa mpinzani wao.

La nne ndilo gumu: *kikitokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga, mtakitumia?* Tarehe 17 Machi 1994, mjini Munich, Mick Foley wa WCW alinasa kichwa katikati ya kamba za ulingo akipambana na Vader. Alipojinasua, sehemu kubwa ya sikio la kulia ilikatika. Akamaliza pambano. Ukiwa mpangaji wa hadithi, mtu wako amepoteza sikio kweli, mbele ya watu, mikononi mwa jitu ambalo tayari ni adui yake. Unataka nini zaidi? WCW haikufanya nalo lolote la maana. Foley alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na mshahara wa uhakika. Mwaka uleule akauacha, akaenda ECW, kampuni iliyofanyia maonyesho yake kwenye ukumbi wa bingo kule Philadelphia. Mwaka 1996 WWF ikamchukua. Kipindi cha tarehe 4 Januari 1999, kilichorekodiwa siku chache kabla, kilimwonyesha akitwaa mkanda wa dunia. Usiku huo mtangazaji wa WCW aliagizwa awaambie watazamaji wake matokeo hayo mapema, kwa dharau, ili wasibadilishe stesheni. Wakabadilisha, tena wengi mno, wakaenda kumwona Foley akishinda.

Nampenda Foley kuliko wote katika mwongozo huu, nakiri. Lakini angalia alichokifanya: hakukimbilia "uhuru" wa hewani. Alikuwa amekwisha kuona kwa macho, kwa jambo moja mahususi, kwamba ofisi ile haijui kutumia alichonacho.

Hatua ya 3: Jina ni la nani?

Hapa wengi hupitisha macho haraka. Soma polepole. Ukipewa jina na kampuni, utaliacha mlangoni ukitoka, kama sare ya mlinzi. Dean Ambrose alibaki WWE. Aliyetoka ni Jon Moxley, jina alilolitumia kabla hawajamchukua. Sasha Banks alibaki. Aliyetokea Tokyo Dome tarehe 4 Januari 2023 ni Mercedes Moné. Kichekesho kikubwa ni cha Cody Rhodes: babake ni Dusty Rhodes, gwiji anayejulikana kila kona ya Marekani, na bado Cody alipoondoka mwaka 2016 alilazimika kuitwa "Cody" tu kwa miaka, kwa kuwa jina lile la ulingoni lilikuwa limesajiliwa na kampuni. Alilipata tena mwishoni mwa 2020.

Kwetu Waafrika suala la jina linakwenda mbali zaidi. Wazee wanamkumbuka Kamala, "Jitu la Uganda", aliyepanda ulingoni amejichora nyota kifuani na mwezi tumboni. Mtu huyo hakuwa Mganda. Aliitwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na Uganda yake ilibuniwa Memphis mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki mwaka 2020, na hadi uzeeni alilalamika kwamba alilipwa kidogo kuliko wenzake aliosimama nao. Hakupata fedha, wala hadithi haikuwa yake. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana kwelikweli, alitambulishwa WWE mwaka 2008 kuwa Mjamaika, na lafudhi juu. Baadaye wakaliacha lile igizo, na tarehe 7 Aprili 2019 akawa bingwa wa WWE akiwa mtoto wa Ghana.

Ukiwa unatoka huku kwetu na wakakuletea karatasi yenye uhusika wa mganga, mwindaji au mla watu, hiyo si nafasi ya ubunifu hata ikilipwa vizuri. Uliza kabla ya kusaini: jina litasajiliwa na nani, na nikitoka natoka na nini.

Hatua ya 4: Soma kifungu cha majeraha kabla ya kifungu cha mshahara

Mikataba mingi inaruhusu kampuni kuongeza muda uliokuwa nje kwa jeraha. Ulisaini miaka mitatu, ukakaa nje miezi sita, basi unadaiwa miezi sita. Inasikika haki hadi uwe unataka kuondoka.

Luke Harper aliomba hadharani aachiwe na WWE Aprili 2019. Alikuwa hatumiki. Kampuni ikamwongezea muda aliokuwa nje kwa jeraha, na ruhusa ikatoka Desemba. Machi 2020 akatokea AEW, kampuni pinzani iliyokuwa bado changa, kwa jina la Brodie Lee, akiwa kiongozi wa kundi lenye vinyago, na Agosti akamtwanga Cody kwa dakika chache na kuchukua mkanda wa TNT. Watu waliomwona miaka yote hiyo kama jitu bubu la nyuma wakasikia kwamba kumbe anazungumza, anachekesha, anatisha. Tarehe 26 Desemba 2020 alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 41.

Sisemi kwamba kampuni ilijua; hakuna aliyejua. Nasema kwamba miezi ile ya mwaka 2019 aliyokaa nyumbani akilipwa ilikuwa na bei yake, na haikuandikwa popote. Unapopanga mezani, uombe jeraha lisiongeze zaidi ya miezi kadhaa mtakayokubaliana, na iandikwe kwamba usipopangiwa kazi kwa muda fulani una haki ya kuomba kuondoka. Watakukatalia la pili. Liombe hivyo hivyo. Mara nyingi hukubali nusu ya la kwanza ili wakutulize.

Hatua ya 5: Pima soko lako kabla ya kuruka

Cody alipoomba kuachiwa Mei 2016 alikuwa amepakwa rangi usoni akiigiza Stardust, uhusika uliokwisha kuchuja. Alieleza kwamba aliwaandikia mapendekezo ya hadithi kwa miezi bila kujibiwa. Lakini alipotoka hakukaa kulalamika. Aliandika kwa mkono, kwenye karatasi, orodha ya watu anaotaka kupambana nao na mahali anapotaka kupanda ulingoni, akaipiga picha na kuiweka mtandaoni. Mapromota wakaisoma kama orodha ya bei. Akaanza kuweka alama, mmoja baada ya mwingine.

Fanya hivyo. Majina kumi, na mahali pake. Kama huwezi kufikisha kumi, bado hujui unataka kuhamia nini, na nakushauri usaini kwenye fedha.

Mwaka 2017 mwandishi wa habari za mieleka Dave Meltzer aliulizwa kama kampuni ya ROH ingeweza kuuza tiketi 10,000. Akasema si hivi karibuni. Cody akashika dau. Yeye na Young Bucks wakaandaa onyesho lao, All In, karibu na Chicago, tarehe 1 Septemba 2018. Tiketi ziliisha ndani ya nusu saa. Waliohudhuria walikuwa 11,263. Januari 2019 AEW ikatangazwa, fedha za familia tajiri ya Khan nyuma yake, Cody akiwa mmoja wa makamu wa rais.

Sasa ndiyo mahali pa kuwa makini. Cody akiwa AEW alikuwa na uhuru ambao mwanamieleka adimu kuupata. Akautumia vipi? Tarehe 9 Novemba 2019 (ndiyo, siku ileile ya Montreal) alipambana na Chris Jericho kwa sharti alilojiwekea: akishindwa, hatagombea tena mkanda wa dunia wa kampuni hiyo. Akashindwa. Akajifungia mlango wa nyumba aliyoijenga. Miaka miwili iliyofuata mashabiki wakaanza kumzomea, na Februari 2022 akaondoka. Aprili alirudi WWE, na alichokipata safari hii ndicho cha kujifunza: alirudi na jina lake, wimbo wake na mavazi yake ya AEW. Aprili 2024 akamwondoa Roman Reigns aliyekuwa ameshikilia ubingwa siku 1,316. WWE ya 2016 isingempa hayo kwa machozi. Ya 2022 ilimpa kwa sababu alikwisha kuonyesha nje kwamba yanauzika.

Kupima soko hakuhitaji Chicago. Kule Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling walianza kwa ulingo wa nguzo na udongo uliolowa, wakijirekodi na kuzirusha video mitandaoni, na dunia ikawatazama. Pale kila mtu ni mwandishi wa hadithi yake. Kijana wa namna hiyo akipigiwa simu na promota wa nje ana kitu cha kuweka mezani: idadi ya watu wanaomtazama akiwa mwenyewe. Asiende bila tarakimu hiyo.

Hatua ya 6: Amua, kwa upendeleo wa waziwazi

Maoni yangu ni haya, na yana ubaguzi. Kama hujulikani bado, chukua hadithi. Mshahara wako wa mkataba ujao utatoka kwenye kile watu watakachokukumbukia katika huu. Chris Jericho alikuwa hapati njaa WCW, lakini kule juu palikuwa pamejaa wazee waliojipendelea. Agosti 1999 akahamia WWF, na usiku wa kwanza tu wakamweka uso kwa uso na The Rock.

Kama una zaidi ya miaka 35, shingo imeshafanyiwa upasuaji na watoto wanasoma, chukua fedha, na usiombe radhi kwa yeyote. Shabiki anayekuita msaliti hatakuja kukulipia mtaalamu wa viungo.

Kama uko katikati, weka bei. Jiulize ni dola ngapi kwa mwaka uko tayari kuzipoteza ili uandike maneno yako mwenyewe. Andika kiasi kabla ya kukutana nao. Pengo likiwa dogo kuliko kiasi hicho, hama. Likiwa kubwa, baki, ila omba mkataba mfupi. Na yeyote utakayemchagua, tafuta mwanasheria ambaye haogopi kuonekana mjinga kwa kuuliza.

Hatua ya 7: Toka vizuri, na toka kwa tarehe

Desemba 1995 bingwa wa wanawake wa WWF, Alundra Blayze, alihamia WCW na mkanda mkononi, akautupa kwenye pipa la taka kwenye televisheni. WWF haikumpokea tena hadi mwaka 2015. Na miaka miwili baada ya tukio lile, McMahon alipokuwa akimwangalia Bret Hart akielekea WCW huku mkanda uko begani, aliona pipa lile. Hofu hiyo ndiyo iliyopiga kengele. Kwa hiyo ukiwa na mkanda na umeamua kuhama, urudishe mapema, wiki kadhaa kabla, kwa mtu na mahali usipochukia. Ukibakiza hadi usiku wa mwisho umempa bosi sababu.

Usitegemee pia kwamba upande wa pili utajua cha kufanya na maumivu yako. Bret alifika WCW akiwa mtu aliyezungumzwa kuliko wote katika mchezo huu. Desemba 1997, kwenye onyesho lao kubwa la mwaka, walimpa kazi ya kuzuia kengele isipigwe, ati refa amehesabu haraka na Bret hatakubali Montreal ijirudie. Refa alikuwa amehesabu kwa mwendo wa kawaida kabisa. Kila mtu aliona. Fedha alilipwa. Hadithi iliishia palepale.

La mwisho ni la kalenda. Ukiomba kuachiwa na wakakubali, WWE kwa kawaida hukufungia siku 90 usionekane kwingine. Mkataba ukiisha wenyewe, kifungo hicho mara nyingi hakipo. Ndiyo maana Moxley hakuomba chochote. Januari 2019 ilitangazwa kwamba hatasaini tena. Akaendelea kupanda ulingoni, akashindwa na kila aliyepangiwa kushindwa naye, akaagana na watu. Mkataba ulikwisha tarehe 30 Aprili. Dakika chache baada ya saa sita usiku video ikapanda mtandaoni: mtu anatoroka gerezani. Ilikuwa imepigwa na kuhaririwa kabla, imekaa tayari ikisubiri saa. Tarehe 25 Mei alikuwa Las Vegas, anapita katikati ya watu kuelekea ulingo wa AEW.